Herufi Zenye Miguu Ukutani Ngezi

Kulikuwa na ukuta mmoja katika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, ambao Marcellin Ukumu, mchoraji wa vibao, aliukwepa kila alipokwenda sokoni. Njia fupi ilipita mbele yake. Yeye aliingia vichochoroni, akapenya kati ya nguo zilizoanikwa, akaruka mifereji ya maji machafu, mtu mzima mwenye mvi, ili tu asiusome. Na ukuta ule ulikuwa kazi yake nzuri kuliko zote.

Watu wa Bunia waliijua mikono yake miwili. Mkono wa kwanza ulikuwa wa herufi nyembamba zilizolala upande, kama mtu anayekimbia mvua. Hizo aliwaandikia wenye saluni, wenye nganda za pombe, mafundi wa simu. Mkono wa pili ulikuwa wa herufi nene zilizosimama wima, na kila nguzo ya herufi ilikuwa na mguu: kistari kifupi kipana chini, na kingine juu, kama askari aliyevaa buti na kofia. Nguzo zilikuwa na upana wa kiganja. Viungo vilivyozishikanisha vilikuwa vyembamba kama kidole.

Herufi hiyo hakupewa na mtu. Aliitafuta kwa miaka, akikata maboksi, akiyabandika ukutani kwake, akirudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara kuyatazama. Vumbi jekundu la Bunia hula mstari mwembamba. Kiangazi kimoja tu na umekwisha. Unene hubaki. Miguu nayo hulishika jicho la mtu apitaye juu ya pikipiki, lisiteleze na kwenda zake kabla ya kusoma. Lakini unene una adabu yake. Tumbo la A na la B lazima liachwe wazi lipumue, la sivyo herufi inageuka doa. Kwa hiyo herufi ile ilitaka nafasi. Ikiwa kubwa ilitawala ukuta mzima. Ikiwa ndogo ilijaa rangi, ikavimba, ikawa haisomeki.

Aliiweka kwa mambo mazito tu: milango ya makanisa, shule, misalaba ya makaburi, mapaji ya malori yanayokwenda Mahagi. Mwenye nganda mmoja aliwahi kumsihi amwandikie kwa herufi zenye miguu, Marcellin akakataa.

"Herufi zilizoandika jina la Bikira, niziandikie bia?" alisema.

"Lakini papa, hata Bikira alikuwa kwenye arusi ya Kana!"

Watu walicheka, Marcellin akabaki na msimamo wake. Na alifanya vema. Mtu asiyeweza kumwambia mteja hapana si fundi, ni burashi.

Kazi moja ilizidi zote kwa uzito. Katika mji ambao watu wamekimbia na kurudi na kukimbia tena, nyumba isiyo na mtu huuzwa na mtu asiye na haki nayo, pengine hata mara mbili. Ndiyo maana mwenye nyumba huandika ukutani, kwa herufi kubwa, NYUMBA HII HAIUZISHWI, na chini yake jina lake na namba ya simu. Mnunuzi akipita anasoma, anaogopa, anaendelea na safari. Marcellin alikuwa na sheria yake: hakufungua kopo la rangi kabla hajabisha kwa majirani wa kuume na wa kushoto na kuuliza nyumba ni ya nani. Sheria hiyo ilijulikana kuliko hata jina lake. Mbele ya shefu wa avenyu, mkuu wa nyumba za barabara moja, watu walipogombea kiwanja, kulisemwa, "Ukuta wa Marcellin ni shahidi." Hapo basi neno liliisha.

Halafu akaja Blaise.

Alikuwa kijana mnene, msafi, mwenye sauti ya upole. "Papa Marcellin, niko na ukuta," alisema. "Murefu, bameupaka siman, bameupaka na chokaa, mweupe kama sahani. Unaangalia barabara kubwa. Na usiniletee zile herufi zako za saluni zenye kulala. Minataka zile zenye miguu: NYUMBA HII HAIUZISHWI."

"Nyumba ni ya nani?"

"Swali gani hiyo, papa? Kufuli ni yangu. Ufunguo ni huu."

Marcellin alikwenda kuuona ukuta, na hapo ndipo alipoanguka. Mwezi ule alikuwa amemaliza kuzichora upya herufi zake zote, nene zaidi, R ikiwa na mguu uliotoka mbele kwa madaha, na alikuwa hajapata ukuta wa kuzibeba. Huu ulizibeba zote. Malori yangepita hapa. Watu wa Mahagi wangeona, na wa Mahagi-Port waliokuja na samaki. Akajiambia atabisha kwa majirani akishapiga mistari ya chaki. Mistari ilipokwisha akasema, neno la kwanza kwanza. Neno la kwanza lilipokwisha rangi ilikuwa tayari kwenye burashi, na rangi haimngoji mtu.

Alikuwa katikati ya S, herufi ngumu kuliko zote kwa sababu haina nguzo ya kuegemea, wakati Mama Carine, muuza mikate wa ng'ambo ya barabara, alipopaza sauti.

"Papa, hiyo unaandikia nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe amerudia?"

"Ndiyo, mama," alijibu Marcellin, wala hakugeuza shingo, maana burashi ilikuwa kwenye mzunguko.

Hakujua mwenyewe ni nani, wala kama alikuwa ameondoka. Alisema "ndiyo" ili aachwe amalize. Uongo mwingi wa dunia hii ni wa namna hiyo. Hausemwi kwa chuki, unasemwa na mtu mwenye shughuli. Chini kabisa, mahali palipobaki, akaandika MWENYEWE: BLAISE na namba ya simu. Nafasi ilikuwa finyu. Herufi zilivimba zikashikana kama nzi waliozama katika maziwa. Hilo ndilo lililomsumbua siku ile. Uongo ulianza kumsumbua baadaye, akaacha kupita njia ile.

Mvua zilinyesha, zikakoma. Asubuhi moja ya Jumamosi mwanamke mwembamba alisimama mlangoni pa atelye yake, kibanda cha mbao alichofanyia kazi, furushi kichwani, watoto wawili nyuma yake.

"Ni weye Marcellin wa herufi?"

"Ni mimi, mama. Karibu, ikala," alisema, akimsogezea kigoda.

"Sikukuja kwa kuikala. Nilikuwa na fasi yangu ya kuikala, ukaandika pale jina la mutu mwingine."

Aliitwa Charlotte. Alikuwa amekwenda Djugu kumzika mama yake, vita vikafunga barabara nyuma yake, na kutoka hapo aliishi chini ya turubai katika kambi ya waliohamishwa. Nyumba ya Ngezi aliiacha kwa Blaise, mpangaji wa chumba cha nyuma, pamoja na funguo. Sasa alikuwa amerudi, na mlango ulikuwa na kufuli nyingine.

"Unajua alinifanyia nini? Alinionyesha ukuta na kidole. 'Mama, unajua kusoma? Soma basi.' Nikaenda kwa shefu wa avenyu. Ule ni mupya, hanijue. Akaniambia, 'Mama, mie nitasikiliza neno yenu siku ya Ijumaa. Lakini ukuta iliandikwa na Marcellin, na Marcellin haandikake bila kuuliza majirani.'" Akashusha furushi. "Basi nimekuja kukuuliza. Uliuliza nani?"

Marcellin alitazama mikono yake. Rangi nyeusi ilikuwa imekaa chini ya kucha.

"Nitaangalia, mama," alisema.

"Utaangalia nini? Batoto bangu wanalala kwenye ukumbi wa parokia. Padri amesema mpaka Ijumaa. Kisha ni kurudia kambi."

"Nitaangalia," alirudia. Charlotte akainua furushi lake, akaondoka bila kuaga.

Mwenye haki angekwenda siku ileile kwa shefu. Marcellin alitafuta njia ya panya. Jumapili, saa ya misa ya pili, barabara ikiwa tupu, alikwenda Ngezi na ndoo ya chokaa, akaipaka ile mistari midogo ya chini, jina na namba. Jina likapotea. Moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu jana: kama jina halipo, hakuna aliyeandika kitu, hakuna wa kuulizwa. Akakaa kwenye jiwe kungoja.

Lakini chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta: ikiwa mbichi huficha, ikikauka hubanduka na kusema. Pole pole, chini ya weupe, weusi wa rangi ya mafuta ukaanza kupanda, kwanza kama moshi, kisha B, kisha L. Akapaka tena. Ikapanda tena. Jasho lilimtoka shingoni. Unene aliousifia miaka yote, unene usioliwa na vumbi, sasa ulikataa kufa.

"Eeh, muzee Marcellin!" Alikuwa Dady, fundi wa simu, akitoka misa ya kwanza, kashapiga na chupa moja. "Ukuta ya batu unaifulia kama shati? Siku ya Bwana?"

"Nasafisha."

"Unasafisha, na yeye anazidi kuchafuka!" Dady akaenda zake akicheka, na Marcellin akajua kwamba kabla ya jua kuzama mtaa mzima utakuwa na habari.

Blaise alifika atelye kesho yake. Hakukasirika. Alipitisha kidole juu ya maboksi ya herufi yaliyoning'inia, moja baada ya jingine.

"Niliona chokaa yako, papa. Si kitu. Minajua, yule mama amekulilia, na weye ni mutu wa huruma." Akashika boksi la R. "Ijumaa utasema neno moja tu. Utasema, 'Niliuliza.' Basi. Hawatakuuliza mengine, weye ni Marcellin. Niko na rafiki anajenga shule. Ukuta yake inatoka hapa mpaka kule kwenye mti. Herufi zako zote zitaingia, na nafasi itabaki."

"Na nikisema sikuuliza?"

Blaise akarudisha boksi mahali pake, akalinyoosha lisipinde. "Atelye ni ya mbao," alisema kwa upole. "Rangi, mafuta ya taa, maboksi. Vitu hivi vinawakaka upesi, papa. Weye unafanyaka kazi humu bila kuogopa?"

Marcellin hakula chakula cha mchana. Mkewe Wivine alimkuta amekaa mlangoni, uso kuelekea barabarani, akiitazama kila pikipiki mpaka ipotee. Wivine hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Alivuta kigoda, akaweka sahani ya maharage mapajani, akaanza kuyachambua, na huku akimchambua mumewe, mpaka akapata habari yote.

"Sasa unaogopa moto, ao unaogopa haya?" aliuliza.

"Vyote viwili."

"Basi anza na ile yenye kuwa yako. Moto ni ya Blaise."

"Wivine, wewe unasema hivyo kama mchezo. Nikisimama pale niseme sikuuliza, nani ataniita tena? Kuta zote nilizoandika, watu watasema, na huu je? Na ule?"

"Watasema. Na watakuwa na haki ya kusema." Akatupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharage. "Tena ukisema uliuliza, watauliza uliuliza nani. Utamutaja Mama Carine? Ataitwa. Utamufundisha na yeye uongo, mwanamke muzima vile?"

Jioni ile walihamisha makopo ya rangi na mafuta ya taa kutoka atelye hadi jikoni, wakijifanya wanafagia. Wivine akajaza ndoo zote maji, akazipanga ukutani mwa atelye, na majirani wakauliza kama maji ya bomba yatakatwa. Siku zilizofuata Marcellin alifanya kazi mlango ukiwa wazi. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimpotosha mstari.

Ijumaa shefu wa avenyu, mzee Fiacre, hakutaka kuketi ofisini. "Kama ukuta ndiyo shahidi, twende kwa shahidi," alisema. Wakaleta mabenchi ya Mama Carine, wakayapanga mbele ya herufi. Watu walijaa. Charlotte alisimama na watoto wake, furushi kichwani kama mtu aliye tayari kuondoka. Blaise alikuwa upande wa pili wa barabara, ameegemea pikipiki yake, amevaa shati jeupe.

Juu yao maneno yalisimama meusi na makubwa, NYUMBA HII HAIUZISHWI, na hata siku ile, jicho la Marcellin lilikwenda kwenye S na kuona kwamba ni nzuri. Akaona haya kwa kuona hivyo.

"Herufi hizi ni zako?" aliuliza mzee Fiacre.

"Ni zangu."

"Nani alikutuma?"

"Bwana Blaise."

"Na kabla ya kuandika uliuliza majirani, kama kawaida yako?"

Blaise alimtazama na kutabasamu kidogo. Mahali fulani pikipiki ilipiga honi. Marcellin alimgeukia shefu.

"Sikuuliza," alisema.

"Semea juu, muzee, huku nyuma hatusikie!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Sikuuliza mtu! Mama Carine ndiye aliyeniuliza. Aliniuliza kama mwenyewe amerudi, nikamwambia ndiyo. Nami nilikuwa sijui. Nilitaka tu aniache nimalize S."

"Ulitaka nini?"

"Kumaliza S, shefu. Ile pale."

Kicheko kikapasuka. Watu wakageuka kuitazama S, wakacheka tena. Mzee Fiacre hakucheka. Marcellin alisimama katikati ya kicheko kile kama mtu aliyevuliwa koti mbele ya umati.

Mama Carine alikuwa ameinuka. "Kumbe!" alisema, na sauti yake ilikata kicheko. "Na miye nikaambia avenyu nzima Charlotte amerudia, amemuachia Blaise nyumba, na amekwenda bila kuniaga! Nilikuwa nakukasirikia, Charlotte! Mwaka muzima nakukasirikia bure!" Akamgeukia shefu. "Tofali za nyumba hii niliziona zikishuka kwenye lori. Mwanamke huyu alizitafuta kwa kuuzisha samaki ya chumvi ya Mahagi-Port, akinuka samaki mpaka kanisani. Blaise alikuya nyuma, kupanga chumba. Mulizeni kama nasema uongo!"

Mwingine akasimama, fundi aliyejenga choo. Na mwingine tena. Walikuwa wakijua siku zote. Walinyamaza kwa sababu ukuta ulikuwa umesema, na walidhani ukuta unajua zaidi yao.

Mzee Fiacre aliamuru kufuli itolewe. Blaise akatoa ufunguo, akauweka juu ya benchi, si mkononi mwa Charlotte.

"Bunia ni ndogo, Papa Marcellin," alisema kwa sauti yake ya upole, akavuka barabara, akakaa juu ya pikipiki yake, akabaki pale.

"Na weye," shefu akamwambia Marcellin, "toka leo ukuta yako si shahidi tena. Ukitaka kuandika neno kama hili katika avenyu yangu, utaniletea majirani kwa miguu yao, kabla ya kushika burashi."

"Ndiyo, shefu," alisema Marcellin.

Watu walipotawanyika alikwenda kuchukua rangi na ngazi, akarudi. Alimweleza Charlotte kwamba atapaka rangi nyeupe ya mafuta juu ya jina la Blaise, hiyo itaziba kabisa, kisha ataandika jina lake mahali pale pale, chini, vizuri, kwa uangalifu.

"Pale chini?" Charlotte aliuliza. "Kwenye zile herufi zenye kushikana kama nzi?"

"Ndipo jina linapokaa, mama."

"Nani alisema? Kwa nini neno la kukataza linakuwa kubwa, na jina la mwenye nyumba linakuwa kidogo? Kama jina lingekuwa kubwa, Mama Carine angelisoma akiwa kwake siku ile ile, angeuliza tena. Andika jina langu sawasawa na ile."

"Nafasi haitoshi." Alipima kwa mikono. "Baada ya HAIUZISHWI itaingia CHARL tu."

"Kona ni ile. Ukuta unaishia pale? Zunguka."

Jambo hilo lilimuuma kuliko kicheko cha watu. Katika kazi yake neno lililovunjika kwenye kona ni dhambi. Mtu anayefanya hivyo ni mwanafunzi, au mlevi. Ukuta wake mzuri ungekuwa kichekesho barabarani kwa miaka. Alitaka kumwambia kuna njia nyingine, herufi nyembamba kidogo, zilizosongamana. Akamtazama mwanamke, na watoto wake waliokaa juu ya furushi, akavuta kamba ya chaki kupiga mstari hadi kona.

Aliliziba jina la Blaise kwa rangi nyeupe, kisha akapanda ngazi mgongo ukiwa umeelekea barabara. C ilitoka vema, H ilitoka vema, na kwenye R mguu ulioandaliwa kwa madaha ukatoka umepinda, kwa sababu nyuma yake pikipiki iliwashwa, ikanguruma, ikazimwa tena. Hakuna aliyekuja. Hakuusahihisha, rangi ilikuwa imeshaingia kwenye saruji.

"Endelea," alisema Charlotte. Alikuwa amesimama kati ya ngazi na barabara, mikono kiunoni.

Akahamisha ngazi hadi upande wa kichochoro, ambako ardhi ilipanda karibu kuifikia miguu ya herufi, akaandika OTTE. Mtoto mdogo alibaki barabarani akisoma kwa sauti, "CHARL," akamwuliza mama kwa nini jina lake limekatwa. Dada yake akamshika mkono, akamvuta mpaka kona, akamwonyesha mengine, na wakawa wanakimbia huku na huku, mmoja akipiga kelele kipande kimoja, mwingine kingine.

Charlotte aliingiza ufunguo. Mlango ulikwama, kisha ukafunguka, na harufu ya nyumba iliyofungwa ikatoka nje. Hakuingia mara moja. Alirudi kichochoroni, akalitazama jina lake.

"E yangu inakosa mguu," alisema.

Ilikuwa kweli. Mguu wa chini alikuwa ameusahau, ule unaokaa karibu na ardhi. Ng'ambo ya barabara Blaise alikuwa bado yuko pale, shati jeupe juani. Marcellin akashuka ngazi, akapiga magoti kwenye vumbi, akachovya burashi.